Jicho Jekundu: Lipi la Kungojea na Lipi la Kukimbizwa kwa Daktari

Mwezi wa Januari 2024 watu wengi wa Dar es Salaam waliamka asubuhi macho yamevimba, yamekuwa mekundu na kope zimegandana kwa matongo. Baada ya siku chache maradhi yakawa yameingia katika mikoa mingine ya Tanzania, na huko Mombasa nako watu wakawa wanapanga foleni zahanatini kwa sababu iyo hiyo. Wizara ya Afya ya Tanzania ikatangaza kuwa ni maradhi yaletwayo na virusi, ikawaonya watu wasitie machoni dawa wasizoandikiwa na daktari. Wengi walisikia onyo hilo. Wengine hawakulisikia, au walilisikia wakaona kuwa dawa ya bibi yao ni bora zaidi.

Maradhi haya si mapya. Mwaka 1969 yalizuka kwa nguvu nchini Ghana, na kwa kuwa mwaka ule ndipo chombo cha Apollo 11 kilipowafikisha watu mwezini, wenyeji wakayaita “Apollo”, na jina hilo likasafiri pamoja na maradhi yenyewe katika nchi nyingi za Afrika. Mwezi, bila shaka, haukuwa na kosa lolote. Lakini jina lile latuonyesha jinsi mwanadamu anavyotafuta sababu mbali, hali sababu yenyewe imo katika kiganja cha mkono wake na katika taulo lililotundikwa msumarini.

Katika makala haya twapenda kueleza jambo moja hasa, ambalo mtu akilishika ataweza kuyahifadhi macho yake na ya watoto wake. Jambo lenyewe ni hili: jicho jekundu kwa kawaida hupona lenyewe, na watu wengi wanaopata hasara hawaipati kwa wekundu ule, bali kwa kile walichokitia ndani yake, au kwa sababu waliungojea wekundu ambao haukuwa wa kungojewa.

Ili tuelewane, yatupasa kwanza kulitazama jicho lenyewe. Sehemu nyeupe ya jicho, pamoja na upande wa ndani wa kope, imefunikwa na utando mwembamba laini wenye mishipa midogo sana ya damu. Utando huu ukiudhiwa na kitu chochote, kama vile vumbi, moshi au virusi, mishipa yake hujaa damu na jicho huwa jekundu. Lakini katikati, mbele ya ile duara nyeusi au ya kahawia, pana kioo cha jicho. Hakionekani kwa urahisi kwa kuwa ni angavu kama maji safi, na nuru yote tunayoonea hupita hapo. Utando ukiugua, mtu hupata taabu na aibu ya siku chache. Kioo kikiugua, kinaweza kuacha kovu jeupe, lile ambalo wazee hulisema kuwa ni chamba cha jicho, na kovu hilo likikaa katikati halitoki kwa kuoshwa wala kwa kutiwa matone. Basi swali la kujiuliza mbele ya kila jicho jekundu ni hili: je, ni utando tu, au kioo kimeguswa?

Dalili za utando peke yake ni rahisi kuzitambua. Jicho huwasha au hukereketa kama lenye mchanga, hutoa machozi au matongo, lakini haliumi kwa maumivu makali. Mgonjwa akifuta matongo na kupepesa kope mara mbili tatu, anaona kama kawaida yake. Jaribu hivi: ziba jicho moja kwa kiganja, tazama kalenda iliyo ukutani upande wa pili wa chumba, kisha badilisha jicho. Ikiwa macho yote mawili yanasoma sawa kama yalivyokuwa yakisoma wiki iliyopita, hiyo ni habari njema.

Ama sababu za utando kuugua ni tatu zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni virusi, na hii ndiyo iletayo milipuko. Huanza jicho moja, na baada ya siku moja au mbili hufika la pili. Machozi huwa mengi na mepesi, kope huvimba, na mara nyingine mgonjwa ana mafua au koo lenye kuwasha. Hakuna matone yanayoua virusi hivi. Mwili wenyewe huvishinda, kwa kawaida katika muda wa wiki moja hadi tatu. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya baridi na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa huleta faraja kubwa, na inatosha.

Ya pili ni bakteria. Matongo yake ni mazito, ya manjano au ya kijani, na asubuhi kope hushikamana hata mtoto akalia akidhani amepofuka. Haya nayo, yakiwa mepesi, mara nyingi hupona yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, ingawa daktari anaweza kuandika matone au marhamu ya kuua bakteria, nayo hufupisha siku. Zilowesheni kope kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa kisha yakapoa, mfute kutoka upande wa pua kwenda nje, na kila kipande cha pamba kitumike mara moja tu kisha kitupwe.

Ya tatu ni mzio. Hapa dalili kuu ni kuwashwa: mtoto husugua macho mchana kutwa, yote mawili, matongo yake ni kama nyuzi, na hali hiyo huja na kuondoka kufuata majira au vumbi. Huyu hamwambukizi mtu yeyote, na si haki kumfukuza darasani.

Huenda msomaji akasema: “Lakini mimi nilitia maziwa ya mama, na siku ya tano nilikuwa nimepona. Vipi mnasema si dawa?” Jibu ni kwamba siku ya tano ungepona hata kama ungetia shukrani peke yake. Maradhi ambayo hupona yenyewe humpa sifa kila aliyesimama karibu nayo. Ndiyo sababu kila mtaa una dawa yake: huyu asifu chai ya rangi, yule asali, mwingine maji ya majani aliyoyatwanga, na wapo wanaotia mkojo. Kwa watu tisa haitadhuru, nao watakuwa mashahidi. Wa kumi atatiwa majani yenye utomvu mkali unaounguza kioo cha jicho, au maji yenye bakteria na ukungu, na shahidi huyo hatasikilizwa kwa kuwa watu watasema maradhi yake yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Na mkojo, licha ya uchafu wake, unaweza kubeba vijidudu vya kisonono, ambavyo ni miongoni mwa vichache vinavyoweza kutoboa kioo cha jicho lililokuwa zima. Matabibu wa macho katika Tanzania na Malawi wameandika mara nyingi juu ya wagonjwa waliofika na vidonda vya kioo baada ya dawa za namna hii.

Hata duka la dawa lina hatari yake. Ziko dawa za macho zenye steroidi, ambazo huondoa wekundu upesi mno hata mtu akazipenda. Daktari wa macho huzitumia, na huzitumia kwa haki, lakini yeye ametazama kioo kwa mashine kwanza. Ikiwa kioo kina kidonda cha virusi vya malengelenge, dawa hiyo hukifungulia mlango kidonda kiendelee kula. Na mtoto mwenye mzio anayetiwa dawa hiyo miezi na miezi bila kuangaliwa aweza kupandishwa presha ya jicho hadi mshipa wa kuonea ukafa kimya kimya, bila maumivu, huku mama akifurahi kuwa macho ya mwanawe yamekuwa meupe. Kabla ya kununua tazama karatasi ya kichupa. Jina la dawa likiishia kwa “-sone” au “-solone”, kirudishe rafuni mpaka daktari aseme. Wala usichukue kichupa alichobakiza jirani.

Sasa tuseme juu ya kuambukizana. Wako wanaoamini kuwa kumtazama mgonjwa machoni kwatosha kuambukizwa, ndipo mgonjwa huvaa miwani myeusi ili awalinde wenziwe. Miwani humpunguzia yeye ukali wa jua, nayo ni kheri, lakini maradhi hayarukii kwa kutazamana. Hupita kwa mkono. Mgonjwa hujifuta jicho, hushika kitasa cha mlango, noti, simu au mkono wa mwenziwe, na mwenziwe naye hugusa jicho lake. Kwa hiyo sabuni na maji ndiyo kinga yenyewe. Mgonjwa awe na taulo lake na mto wake, na foronya ibadilishwe kila siku ikiwezekana. Maadamu jicho la virusi bado ni jekundu lenye kutoa machozi, na hilo huweza kufika wiki mbili, mgonjwa huweza kuambukiza. Katika siku hizo kumwamkia mtu kwa maneno matamu bila kumpa mkono si ukosefu wa adabu. Mwambie sababu, naye atakushukuru.

Baadhi ya ndugu walioingia katika Uislamu karibuni huuliza kama mwenye macho mekundu aache kutawadha. Maji kama yanamdhuru mgonjwa, sheria imempa ruhusa ya kutayamamu, na hilo lajulikana. Lakini maji safi yanayotiririka hayalidhuru jicho la namna hii, na kunawa uso hakumlazimu mtu kuyatia maji ndani ya jicho. Bali kuosha mikono na uso mara kadhaa kwa siku ndiko hasa madaktari wanakokutaka. Penye madhara ni beseni moja ambalo watu wanachovya mikono kwa zamu, na kile kitambaa kimoja cha kujifutia kilichotundikwa kwa ajili ya wote. Tumieni kata au bomba, na kila mtu ajifute kwa kitambaa chake au auache uso ukauke kwa upepo.

Hali kadhalika wanja. Kijiti kimoja kupita katika macho ya bibi, mama, na watoto wanne siku ya sikukuu ni njia ya hakika ya kuyagawa maradhi pamoja na urembo. Isitoshe, baadhi ya wanja unaouzwa madukani umesagwa kutoka katika jiwe lenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto mdogo. Hatusemi watu waache pambo la wazee wao. Twasema tu kuwa mtoto mchanga hana haja nalo, na kwamba jicho linalougua lisipakwe kitu chochote.

Yapo mambo mengine madogo ambayo huwatisha watu bure. Chokea, yaani kijipu kwenye ukingo wa kope, dawa yake ni kitambaa cha maji ya moto kiasi cha kuvumilika, dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Kisibanwe kwa kucha. Doa jekundu kama damu iliyomwagika juu ya nyeupe ya jicho, lisilouma na lisilopunguza kuona, huja baada ya kukohoa au kupiga chafya kwa nguvu na hutoweka katika wiki mbili hivi, lakini likirudi mara kwa mara mtu apimwe presha ya damu. Kinyama kinachoota kutoka pembeni mwa jicho upande wa pua, ambacho wavuvi na wakulima wengi wanacho, huletwa na jua na upepo wa miaka mingi. Kofia pana husaidia, na daktari hukiondoa tu kikianza kukiendea kioo.

Chokaa na saruji si mambo madogo hata kidogo. Fundi akirukiwa na chokaa machoni, asikimbizwe hospitali kwanza. Amwagiwe maji safi hapo hapo, kope zimefunuliwa, kwa muda usiopungua robo saa, na nusu saa ni bora, vipande vinavyoonekana viondolewe, ndipo apelekwe. Chokaa huendelea kuunguza kila dakika inapobaki ndani, na safari ya kilomita mbili kwa jicho kavu yaweza kuwa ndiyo iliyomaliza kuona kwake.

Basi ni jicho lipi lisilongojewa? Lile linalouma kwa kina, au linaloshindwa kabisa kuvumilia nuru. Lile ambalo kuona kwake kumepungua hata baada ya kufuta matongo. Lile lenye doa jeupe juu ya kioo, au ambalo wekundu wake umekusanyika kama pete kukizunguka kioo badala ya kuenea pembeni. Lile ambalo mboni yake si duara kama ya mwenziwe. Jicho jekundu la mtu mzima lenye kuumwa pamoja na kichwa na kutapika huenda ni presha ya jicho iliyopanda kwa ghafula, wala si malaria. Jicho lililopigwa na mti au kurukiwa na kipande cha chuma, na jicho la mtu anayevaa lenzi ndani ya macho, nayo yasingojewe. Kwa hawa wote siku hiyo hiyo ndiyo siku ya kwenda. Mtoto mwenye surua ambaye macho yake yamekuwa mekundu naye apelekwe kituoni apewe vitamini A, kwa kuwa surua humaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini na kioo cha jicho huweza kulainika na kuoza kwa siku chache.

Na yuko mgonjwa mmoja ambaye kwake hatuna neno “subiri” kabisa: mtoto mchanga, tangu kuzaliwa hadi siku ya ishirini na nane. Akitoka usaha machoni, hasa katika siku tano za kwanza na kope zikiwa zimevimba, huenda amepata kisonono njiani wakati wa kuzaliwa, na kioo chake kinaweza kutoboka katika siku moja au mbili. Katika karne ya 19 maradhi haya yalikuwa yakijaza shule za vipofu za Ulaya. Mwaka 1880 Daktari Carl Credé wa Leipzig alianza kumtia kila mtoto aliyezaliwa tone la maji ya fedha katika kila jicho, na maradhi yaliyokuwa yakimpata mtoto mmoja katika kila kumi hivi wa hospitali yake yakapungua hata kuwa nadra. Siku hizi mahali pengi hutumika marhamu ya tetrasaiklini mara tu mtoto anapozaliwa. Mama ana haki ya kuuliza kama mwanawe amepakwa. Na usaha ukionekana, wazazi wote wawili watibiwe pamoja na mtoto. Baba asione haya, kwa kuwa haya yake itakuwa imelipiwa kwa macho ya mwanawe.

Mwisho wa yote yako maradhi yanayoanza kama jambo dogo na kumaliza kama msiba, nayo ni vikope, au trakoma. Mtoto huwa na macho yenye matongo na wekundu kidogo, hupona, huambukizwa tena, na hivyo kwa miaka. Kila mara ndani ya kope hubaki kovu. Akifika utu uzima, kovu limeivuta kope ikageuka ndani, na nywele zake hukikwaruza kioo kila apepesapo. Akina mama ndio wanaopata zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto. Utawaona vijijini wamevaa kibanio shingoni, waking'oa nywele za kope zao wenyewe. Katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ambako maji ni adimu na vumbi ni jingi, watafiti walihimiza vijiji kunawisha watoto nyuso, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipatwa kwa uchache zaidi na vikope vikali. Inzi hufuata uso wenye matongo na makamasi. Uso ukiwa safi, hana la kumleta. Maji ya kikombe kimoja huosha nyuso kadhaa. Kwa kunawa, kujenga vyoo, kugawa dawa ya azithromaisini kwa vijiji vizima na kupasua kope zilizogeuka, Oman ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeyaondoa maradhi haya yasiwe tena tatizo la afya ya umma mwaka 2012, na Malawi mwaka 2022.

Daktari akikuandikia matone, nawa mikono, vuta kope ya chini kwa kidole upate kama kijimfuko, tia tone moja tu humo bila ncha ya kichupa kugusa jicho wala kope, kisha fumba kwa dakika moja. Matone mawili hayaponyi mara mbili, la pili huishia shavuni. Marhamu nayo hupakwa hapo hapo, kama punje ya mchele, na kuona huwa na ukungu kwa muda mfupi, jambo ambalo si la kutisha. Andika tarehe juu ya kichupa siku ukifunguapo. Baada ya wiki nne kitupe, hata kama kimebaki nusu.